Shimo la Wafungwa katika Boma la Nyamhulya

Watu wengi wa upande wa Kahama wanalijua Boma la Nyamhulya kwa mbali tu, kutoka barabarani, pale pikipiki zinapopunguza mwendo kupanda kilima kuelekea Bulyanhulu. Wanaona minara miwili ya mawe na ukuta wenye meno kwa juu, kisha wanaendelea na safari zao za dhahabu. Waliowahi kupanda hadi juu ni wachache, na karibu wote wamepokewa na mtu mmoja: Bujiku Masanilo, mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya sare na kikohozi cha vumbi la mashimoni ambacho hakijamwacha tangu ujana.

Bujiku ndiye mlinzi, ndiye mfagizi, ndiye mwongoza wageni. Afisa wa mambo ya kale hufika mara moja kwa mwezi, akakagua, akaondoka. Siku zilizobaki boma ni la Bujiku na popo. Atakuambia kwamba kabla ya wazungu palikuwa na ikulu ya mtemi juu ya kilima hiki, imezungushiwa magogo na minyaa minene ambayo hata ng'ombe mwenye kiu hakuthubutu kuipenya. Atakuonyesha tundu za ukutani za kupitishia bunduki. "Wajelumani walifika hapa," husema, maana kinywani mwake r na l ni mtu na binamu yake, "wakaona mtemi kachagua mahali pazuri, wakamwondoa. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hiyo mwenyeji hakupona." Wageni hucheka hapo, naye huwangoja wamalize. Amelisema hilo kwa miaka kumi na mitano, na kwa kweli analisema vizuri.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, mwaka 2024, ilipanda kosta iliyojaa kina mama wa kanisa kutoka Didia. Walikuwa wamepanga safari hiyo tangu Pasaka, na kiongozi wao, Eufrasia, mwalimu mstaafu, alikuwa amewaambia kwamba ni aibu mtu kuzeeka bila kuyaona ya kwao. Bujiku aliwapanga kwenye meza ya mlangoni wajiandikishe katika kitabu cha wageni. Wasiozoea kalamu aliwaandikia yeye. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja mfupi, mwenye fimbo, amejitanda kanga ya rangi ya kahawia.

"Shikamoo, mayu," Bujiku alimwamkia, kwa kuwa ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama.

"Marahaba, mwanangu."

"Nikuandike nani?"

"Andika Nyamizi. Halafu uandike mama Boaz. Kina Nyamizi Didia tuko wengi, usipoandika mama Boaz hawatajua kuwa ni mimi."

Kalamu ilisimama. Bujiku aliitazama karatasi kama mtu aliyesahau herufi, kisha akaandika polepole jina la Nyamizi, na jina la Boaz, na jina la kijiji. Mwandiko wake katika mstari huo haufanani na mistari mingine ya ukurasa ule.

Heri nikuambie sasa hivi alichokijua Bujiku, maana yeye alikijua tangu hapo mezani na hakuwa na mtu wa kumwambia. Boaz wa Didia, mtoto wa bibi huyu, alikuwa ndani ya boma lile lile. Alikuwa chini ya ua, hatua arobaini kutoka pale meza ilipo. Bujiku alijua, mkewe Asteria hakujua, serikali haikujua. Siri ya mtungi muulize kata. Kata mwenyewe alikuwa Bujiku, na kwa miaka ishirini na moja hakuna aliyemuuliza.

Mwaka 2003 wawili hao walikuwa wanachimba pamoja kwenye duara moja, yaani shimo la dhahabu la wachimbaji wadogo, karibu na Bulyanhulu. Bujiku alikuwa na miaka thelathini na moja, Boaz ishirini na minne. Duara likaishiwa. Mchimbaji aliyeishiwa na duara huamini lolote, na huku kwetu kuna jambo moja ambalo watu huliamini kuliko mahubiri: mali ya Mjerumani. Kwamba Mjerumani alipokimbia vita alizika dhahabu na rupia, akachonga alama kwenye mawe ili wajukuu zake waje kuzifukua. Nenda popote penye boma la zamani, utakuta mashimo. Wapo waliofukua makaburi, wapo waliobomoa nguzo za madaraja. Mjerumani mwenyewe angejua ana mali nyingi kiasi hicho asingeondoka.

Boaz ndiye aliyeiona alama. Walikuwa wamejikinga mvua ndani ya boma, ambalo wakati huo lilikuwa gofu tupu, halina uzio wala mlinzi, na wachunga ng'ombe waliliogopa. Kwenye jiwe la pembe ya ua palichongwa msalaba mdogo. Kesho yake walianza kuchimba chini ya jiwe lile. Walichimba mchana, masika, bila kuonwa na mtu.

Sasa, kila mchimbaji anajua kwamba shimo likizidi kimo cha mtu linawekewa matimba, magogo ya kuzuia kuta. Bujiku alikuwa mkubwa na mzoefu, na matimba yalikuwa kazi yake. Akasema hayahitajiki. Watu wakituona tunapandisha magogo bomani watauliza, alisema, na udongo wenyewe ni mgumu, hauendi popote. Boaz alimwamini, kwa sababu mdogo humwamini mkubwa. Siku ya tisa Bujiku alishuka kisimani kuchota maji ya kunywa. Aliporudi akakuta ua uko kimya na shimo limejaa.

Alifukua kwa jembe, akafukua kwa mikono hadi kucha zikang'oka. Ukuta wa pili ukaanguka, nusura umchukue na yeye. Jioni ilipoingia hofu ikamshika: kuchimba mahali pa serikali ni kosa, na humo ndani mna maiti. Akakimbia. Didia aliijua. Boaz alikuwa amemwelekeza mara nyingi, nyumba ya pili baada ya mashine ya kusaga. Hakwenda. Hilo ndilo kosa la Bujiku, na sitalipaka rangi hapa, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulipaka.

Miaka sita baadaye serikali ililizungushia boma uzio na kutafuta mlinzi. Bujiku akaomba kazi. Watu walidhani amechoka mashimo anataka kivuli. Ukweli ni kwamba hakuweza kukaa mbali na pale, na aliogopa asije mpumbavu mwingine akachimba chini ya msalaba. Wataalamu walipokuja kupima, udongo ulikuwa umetitia na kuacha shimo la mita mbili. Wakamuuliza hili ni la nini. Bujiku akajibu neno la kwanza lililomjia: "Wazee wanasema Wajelumani walikuwa wanashusha wafungwa humo." Wazee gani, hawakuuliza. Baada ya miezi michache kikaletwa kibao cha chuma kilichoandikwa SHIMO LA WAFUNGWA, likajengewa ukingo wa matofali, na likawa ndilo jambo ambalo wageni wanalipenda kuliko yote. Uongo ukaandikwa, ukawa historia.

Basi siku hiyo ya kina mama, Bujiku alitembeza msafara akiwa na mzigo huo. Aliwaingiza kwenye chumba cha kwanza cha makumbusho, cha mambo ya watemi: kigoda cha miguu mitatu, ngoma kubwa iliyopasuka ngozi, kisahani cheupe cha kombe la baharini ambacho mtemi alikivaa kifuani. Aliruka ile habari ya mgeni njoo mwenyeji apone. Kwenye chumba cha pili, cha Wajerumani, aliwaonyesha mizani ya kupimia dhahabu, taa za karabai na pingu zilizoliwa na kutu. Sauti yake ilikuwa chini mno, hata Eufrasia akamwomba aseme kwa nguvu, wa nyuma hawasikii.

Nyamizi hakuwa wa nyuma. Kwa kuwa anatembea polepole alikuwa ameamua kushikamana na mwongozaji, ili safari isimwache, na kila Bujiku alipokohoa alimtazama.

"Hicho kikohozi ni cha mashimoni," alimwambia walipokuwa wanavuka kizingiti.

"Ndiyo, mayu. Nilichimba zamani."

"Wapi?"

"Bulyanhulu."

"Basi labda ulimwona mwanangu. Boaz. Ana kovu la jembe hapa, juu ya kifundo cha mguu. Alikwenda huko mwaka elfu mbili na mbili. Kila mtu aliyechimba namuuliza, usinichoke. Mmoja aliniambia yuko Msumbiji, mwingine akasema Kongo."

Kulikuwa na nafasi hapo. Kina mama walikuwa wametangulia uani, hapakuwa na mtu katikati yao. Bujiku aliliona kovu lile machoni pake kama vile mguu wenyewe ulikuwa mbele yake.

"Tulikuwa wengi, mayu," alisema.

"Ndivyo wanavyosema wote," alijibu Nyamizi bila kinyongo, akashika fimbo yake wakaendelea.

Uani jua lilikuwa kali. Eufrasia, kama mwalimu yeyote, alikuwa anagusa kila kitu, na kwenye pembe akaliona jiwe lenye msalaba. Akauliza kama ni alama ya wamisionari. Bujiku akaeleza kama alivyoelezwa na wataalamu: si msalaba wa dini, ni alama ya fundi mwashi, kila fundi aliweka yake ili ijulikane jiwe amechonga nani na linakaa wapi. "Haina maana nyingine," alisema. Aliirudia mara mbili, haina maana nyingine, hadi wanawake wakatazamana.

Kisha wakafika ukingoni mwa shimo. Bujiku alitamani wapite, lakini kibao kilikuwa pale na wengine walishatoa simu kupiga picha. Akasema maneno yake. Wajelumani walishusha wafungwa humu kwa kamba. Walikaa bila kivuli. Wengi hawakutoka. Aliyasema huku anatazama matofali.

"Waliofia humu walizikwa wapi?" aliuliza Nyamizi.

"Humu humu."

"Na kwao walipelekewa habari?"

Swali lilikuwa dogo. Wageni wengi huuliza kina cha shimo, huuliza kamba ilikuwa ya nini, huuliza kama pana nyoka. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza la kwao.

"Hapana," alisema Bujiku. "Hawakupelekewa."

Nyamizi alitikisa kichwa. Akamkabidhi jirani yake fimbo, akashika ukingo wa matofali, akapiga magoti kwa shida. "Ngojeni niwaombee," alisema. "Nao walikuwa na mama zao. Huenda hakuna aliyewaombea tangu siku hiyo." Akafumba macho, akaanza kusali kwa Kisukuma, taratibu, akiwaombea vijana wa watu asiowajua, wapumzike, wasihesabiwe makosa, na mama zao huko waliko wapewe moyo. Wenzake wakazima simu zao. Wengine wakaitikia amina.

Bujiku alisikiliza hadi katikati. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema watu; yeye hakuumbuliwa na kifo, aliumbuliwa na sala. Akavua kofia ya sare, akapiga magoti upande wa pili wa shimo, akawa ana kwa ana na yule mama.

"Mayu, nyamaza kidogo," alisema. "Humu hakuna wafungwa. Hilo nililisema mimi, na ni uongo. Humu yumo Boaz."

Nyamizi alifumbua macho.

"Boaz yupi?"

"Wako. Wa Didia. Mwenye kovu la jembe mguuni. Tulichimba sisi wawili, tukitafuta mali ya Mjelumani. Mimi nilikataa kuweka matimba. Nilikwenda kuchota maji, udongo ukamfunika."

Hakuna aliyepiga kelele. Unaweza kudhani wanawake ishirini wangepiga, lakini walikuwa wanamtazama Nyamizi, wakingoja yeye aanze, na yeye hakuanza. Alikuwa anahesabu.

"Lini?"

"Mwaka elfu mbili na tatu. Mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu," alisema Nyamizi. "Baba yake alikwenda kumtafuta Geita mwezi wa tano. Alipita barabara hiyo hapo chini, kwa baiskeli. Alirudi hajampata, na miaka minne baadaye alikufa anamngoja. Mlangoni kwetu hatukuweka komeo, kwa sababu yeye alikataza. Wewe Didia ulikuwa huijui?"

"Niliijua. Nyumba niliijua. Niliogopa."

"Uliogopa."

"Ndiyo, mayu."

"Ukakaa hapa unapokea wageni."

Bujiku alitaka kusema kwamba alifagia pale kila asubuhi kabla ya kufagia mahali pengine, kwamba alikataa uhamisho mara mbili, kwamba hakuwahi kumruhusu mtoto kutupa jiwe humo. Yote yalikuwa kweli. Akaona kwamba hakuna hata moja ambalo lingemfaa mama huyu.

Eufrasia ndiye aliyetoa sauti ya kwanza. Simu ilimponyoka, akaiokota. Alisema lazima polisi waitwe, na mwenyekiti wa kijiji, na jambo hili si la kuongelea ukingoni mwa shimo.

"Piga tu, mwalimu," alisema Bujiku. "Siendi popote."

"Wapigie," alisema Nyamizi pia. "Ni haki. Lakini wakifika watakuja na kamba zao na maswali yao, na mwanangu atakuwa kesi. Kabla hajawa kesi, nataka kwanza awe maiti yangu."

Akaivua kanga kichwani, akaitandika chini kwenye vumbi la ua, akakaa, miguu ameinyoosha mbele kama wanavyokaa wafiwa. Hapo ndipo alipolia. Wanawake wakafanya alivyofanya. Walikuwa wamekuja kutazama mambo ya kale, wamevaa sare ya kitenge kipya, na chakula chao cha mchana kilikuwa bado kwenye mandoo ndani ya kosta. Wakakaa wote kumzunguka, wakawa wamefiwa. Dereva wao, Nasibu, alipanda kuuliza kwa nini wamechelewa, akaona, akarudi kuzima redio ya gari na kuja kukaa pembeni na kofia yake ya kufuma mkononi.

Walikaa hivyo muda mrefu. Mtu mmoja alianzisha wimbo wa maziko, wakauimba wote hadi mwisho, wakauanza tena. Bujiku alibaki upande wake wa shimo, peke yake, hajui kama ainuke au abaki. Aliyeleta habari ya kifo hukaribishwa akae na wafiwa. Aliyekileta kifo chenyewe sijui hukaa wapi, na yeye pia hakujua.

Wimbo ulipokwisha mara ya tatu, Nyamizi aliomba ainuliwe. Akasema anataka udongo. Udongo wa ua ule kiangazi haushikiki kwa vidole, kwa hiyo Eufrasia akamtazama Bujiku, na Bujiku akaenda stoo, akarudi na jembe lake la kupalilia nyasi. Akachimbua kidogo pembeni mwa ukingo, kiasi cha karai moja, akaweka jembe chini na kurudi nyuma.

Nyamizi alichota wa kwanza. Aliushika kidogo ngumi imefungwa, kisha akauachia shimoni, akamwambia mwanawe jambo ambalo wengine hawakulisikia na mimi siwezi kukusimulia. Wakafuata wanawake, mmoja mmoja, na Eufrasia, na Nasibu dereva. Kila mmoja alitupa, akasogea. Ikabaki sehemu ndogo ya ule udongo, na watu wote walikuwa wameshapita.

Nyamizi akainama tena. Akachota kilichobaki, akamwendea Bujiku, akamshika mkono, akakifungua kiganja, akaumwaga humo.

"Mayu, mimi sistahili," alisema Bujiku.

"Sijakuambia unastahili. Na kusamehe kuna siku yake, leo usiniulize." Alikuwa bado amemshika mkono, kwa nguvu ambayo mtu asingeitegemea kwa umri wake. "Leo ni maziko. Mimi nimemzungumzisha, lakini mara ya mwisho alikuwa anasikia sauti yako, si yangu. Mwambie wewe."

Bujiku alipiga goti kwenye ukingo wa matofali. Aliinamisha kichwa hadi uso ukawa ndani ya kivuli cha shimo, akaufungua mkono.

"Boaz," alisema. "Mama yako amefika."